Ukurasa Mtupu wa Ganjoni

Watu wengi wakipewa zawadi hushukuru kwanza, maswali yakafuata. Jedida wa Kisumu Ndogo, Malindi, alipoambiwa kwamba yeye na mumewe wamepewa wiki nzima ya kupumzika Mombasa, bure, katika fleti yenye vitanda na vyombo, hakushukuru. Aliuliza, "Na huko, nani wa kwetu anakaa karibu?"

Msimlaumu kabla ya kumsikia. Mumewe, Gerishom, alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni. Kwa miaka kumi na mitano alitandika vitanda vya watalii, na shuka aliyoitandika yeye hata sarafu ungeiangusha juu yake ikadunda. Mwezi wa Mei mwaka 1986, mvua ilipowafukuza watalii na hoteli ikafunga nusu ya vyumba, tajiri alimwita ofisini, akamshika mkono, akamwambia ana fleti nne Mombasa ambazo msimu huo zilikaa tupu. Moja iko Makupa, moja Tudor, moja Nyali na moja Ganjoni. Achague mtaa autakao, akapumzike na mkewe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Maana Gerishom, mbali na shuka, alikuwa katibu wa Umoja wa Kufaana, chama cha watu wa Maragoli waliokuja kutafuta riziki Pwani. Mwenzao akifa, chama kilimsafirisha akazikwe kwao. Na nyumba ya katibu, kama mjuavyo, si nyumba ya mtu mmoja. Kila aliyeshuka kutoka bara na begi moja na tumaini la kazi ya hoteli aliulizia kwa katibu, akafika, akakaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Kisumu Ndogo hakuna shamba, kwa hiyo siku ya tatu mgeni aliongezewa chai. Aliyeipika ni Jedida.

Likizo nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kila mwaka walisafiri siku mbili hadi kwa mama mkwe, Maragoli, na mke wa mwana akifika nyumbani kwa mumewe hapewi kiti, hupewa mtungi. Jedida aliteka maji, alipasua kuni, alikandika kuta, na jioni alipikia ukoo mzima uliokuja kumwona Gerishom akipumzika. Mwaka jana, wakirudi, alisinzia kuanzia Voi hadi Mariakani huku ameshika mwiko aliosahau kuuacha. Mwaka huu mtoto wao wa pekee, Laban, alikuwa shule ya bweni, na Jedida alikuwa na haja moja tu chini ya jua. Alitaka siku saba asiwashe moto kwa ajili ya mtu.

Tatizo ni desturi. Kwao, kulala kwa mtu baki katika mji ambao ndugu yako ana mkeka ni kumtukana ndugu yako pamoja na mkeka wake. Wakionekana tu Mombasa, wangebebwa hadi kwa jamaa, au jamaa wangebebana hadi kwao. Kwa hiyo mtaa mzuri haukuwa wenye upepo, wala wenye duka karibu, wala wenye bahari dirishani. Mtaa mzuri ulikuwa ule usio na mtu wa kwao hata mmoja.

Bahati nzuri, au ndivyo walivyodhani, kulikuwa na kitabu kilichojua yote. Daftari la Umoja lilipanga wanachama wa Pwani yote mtaa kwa mtaa, ili simu ya kifo ikija katibu ajue pa kupeleka habari. Gerishom aliliweka mezani mchana mmoja wa mvua, akafuta mikono kwanza.

"Makupa," alisema Jedida.

Gerishom alilamba kidole, akafunua. "Kumi na wanne. Na mzee wa kanisa ni mmoja wao."

"Toa Makupa. Tudor?"

"Tisa. Yumo yule kijana aliyekaa hapa miezi minne akitafuta kazi."

"Aliyekuwa akila mayai matatu?"

"Huyo huyo."

"Tudor ningeitoa hata kama angekuwa peke yake," alisema Jedida. Akavuta kiti karibu. "Nyali basi. Nyali ni kwa matajiri."

"Matajiri hawajipikii, Mama Laban." Gerishom alifunua ukurasa, na ulikuwa umejaa hadi pambizoni. "Ishirini na watatu. Wapishi, mayaya, walinzi wa mageti. Nyuma ya kila jumba la Nyali kuna chumba, na ndani ya chumba kuna mtu wetu."

Jedida alikisukuma kiti nyuma. Hakuuliza Changamwe, maana huko tajiri hakuwa na fleti, na kwa hilo alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Changamwe kulikuwa na kurasa mbili nzima, na juu kabisa aliandikwa naibu katibu, mume wa Easter. Easter alikuwa dada mkubwa wa Gerishom. Alikuwa mwanamke wa mapenzi mengi, na mapenzi yake hayakuja peke yake, yalikuja na watu.

"Imebaki Ganjoni," alisema Gerishom.

Akafunua. Ukurasa ulikuwa na kichwa, na mistari iliyopigwa kwa rula, na basi. Jedida aliugusa kwa ncha ya kidole.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja. Huko kuna Wahindi wa maduka na makarani wa bandari."

"Hata aliyekufa?"

"Hata wa kufa hajafia huko."

Jedida aliutazama ukurasa ule mweupe, na moyo wake ukajaa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu siku Laban alipofaulu mtihani. Akasema, "Ndiko."

Siri ilikwenda kwa mtu mmoja tu, jirani yao Kadii, mama wa Kigiriama aliyeshona makuti uani pake tangu asubuhi hadi jua lichwee. Ua wake na wa Jedida ulitenganishwa na boma bovu ambalo kuku hawakulitambua kamwe.

"Uniangalizie kuku, Mama Sidi," alisema Jedida, "na yeyote akiuliza, hujui."

"Hebu kwanza. Wifiyo si yuko Mombasa?"

"Ndiyo maana."

Kadii alivuta kuti jingine, akalikunja juu ya upapi, kile kijiti cha kushonea. "Haya. Mimi huko Ganjoni sikujui, na wao hawanijui. Basi lazima ni kuzuri."

Siku moja kabla ya safari Gerishom alilifunga daftari ndani ya mfuko wa plastiki wa hoteli, akalipeleka stendi ya basi litangulie Mombasa. Katibu akisafiri, daftari hukaa kwa naibu. Hiyo ilikuwa kanuni ya sita, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe.

"Kwa mume wa Easter?" aliuliza Jedida.

"Nimemwambia nina safari. Sikutamka mtaa, naapa."

Aliapa kweli tupu. Hakutamka.

Jumatatu walivuka. Kwenye feri ya Kilifi abiria wote walishuka basini kama ilivyokuwa desturi, na Jedida akajitanda leso hadi puani, akayatazama maji muda wote ili asisalimiwe na mtu. Alinunua korosho bila kusema neno, kwa kunyoosha kidole. Mchana walikuwa Ganjoni, ghorofa ya pili, mlango wa samawati, na ulipofungwa nyuma yao Jedida alisikia kitu ambacho mwanzoni hakukijua ni nini. Kilikuwa kimya.

Siku mbili hizo angeweza kukusimulia saa kwa saa, ingawa hakuna kilichotokea. Alilala chali akitazama pangaboi likizunguka. Aliamka saa tatu. Jiko la gesi alilizunguka kwa mbali kama mtu apitavyo mbwa aliyelala. Asubuhi Gerishom alishuka kununua mahamri na mbaazi, jioni viazi karai, na vyombo walivyochafua vilikuwa vikombe viwili. Yeye hakuweza kukaa bure. Kila Jedida aliponyanyuka kitandani, akirudi alikuta kimetandikwa, pembe zimekunjwa.

"Kwani wewe huwezi kupumzika?" alimwuliza.

"Ndivyo ninavyopumzika," alijibu Gerishom. Jedida akacheka hadi akajishika ubavu, na ilikuwa miaka hajacheka vile mbele ya mumewe.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mlango ukabishwa.

Jedida alifungua akiwa na gauni la kulalia. Mbele yake alisimama Easter, na kuku hai kwapani. Nyuma ya Easter alikuwa mumewe, na nyuma ya mumewe wanawake wawili wa kanisani, na ngazini, akipumzika kila vidato vitatu, mzee mmoja aliyefunikwa jicho kwa kitambaa. Mfuko wa unga ulikuwa umeshafika na kuegeshwa ukutani.

"Shikamoo, wifi," alisema Jedida, maana hakukuwa na jingine la kusema.

"Marahaba, mke wetu. Unaumwa? Mbona saa hizi bado una nguo ya usiku?" Easter aliingia, akatazama pangaboi, akatazama viti, akaketi. "Nililia. Nilipoona kile kitabu nililia. Nikasema, mkeka wangu uko pale ukutani, na ndugu yangu amelala kwa watu baki. Halafu nikajiambia, Easter, nyamaza. Ndugu yako ana haya, hakutaka kukusumbua. Asiyekuja kwako, mfuate kwake."

"Kitabu gani?" aliuliza Jedida, polepole.

Mume wa Easter alilitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki wa hoteli, akalifungua kwa heshima. Ukurasa wa Ganjoni haukuwa mtupu tena. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko mzuri wa Gerishom, ulisema: *Gerishom, katibu. Jengo la tatu baada ya msikiti, ghorofa ya pili, mlango wa samawati. Tarehe 12 hadi 19 Mei.* Chini yake alikuwa amepiga mstari kwa wino mwekundu.

Jedida alimgeukia mumewe. Gerishom alikuwa akikunja pembe ya kitambaa cha meza.

"Kifo hakina likizo, Mama Laban," alisema. "Ningeondokaje bila kuacha anwani?"

Ndivyo alivyoumbwa mtu yule. Kwa mdomo, akibanwa sana, angeweza kudanganya kidogo. Kwa kalamu hakuweza.

Easter alikuwa na furaha, na furaha yake ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko hasira. Miaka yote Umoja haukuwa na mguu Ganjoni, na sasa umepata. Mzee wa jicho atalala hapa hadi madaktari wamalize kumtibu, maana kutoka Changamwe hadi hospitali ni mbali. Mkutano wa mwezi utakuwa hapa Jumapili, si watu wengi, thelathini hivi. Akamfunga kuku kwenye mguu wa jiko la gesi, akavuta droo moja, akavuta ya pili, akampa Jedida kisu.

"Jiko lenyewe halina hata majivu," alisema kwa huruma. "Mnakula nini nyinyi?"

Ikawa kama wahenga walivyosema, ila kwa Jedida jembe la siku ya tatu lilikuwa kisu. Alimchinjisha kuku, akamnyonyoa, akapika. Akapika chai ya saa tisa. Akapika na jioni, kwa sababu walikuja wengine wanne kutoka Tudor kutazama fleti, na mmoja wao alipenda mayai. Kisha akaingia msalani, akafungua bomba ili asisikike, akalia. Alianza kwa hasira, akamalizia kwa uchungu wa kweli. Miaka kumi na mitano alikuwa ameomba siku saba, akapewa mbili.

Asubuhi, wageni wakinywa chai, alimwendea Gerishom na kumwomba daftari.

"Nitafutie jina langu," alisema.

"Limo." Gerishom alifunua ukurasa wa Kisumu Ndogo, akaonyesha. "Hili hapa. *Gerishom, katibu, na mke.* Ndiwe huyo."

"Huyo ni 'na mke'. Nitafutie Jedida."

Gerishom alifunua mbele, akafunua nyuma. Alikuwa amewaandika watu mia mbili na zaidi kwa mkono wake, na ghafla aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. "Wake huandikwa chini ya waume zao," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Na hapa Ganjoni?"

Walitazama pamoja. Hapa hata "na mke" haikuwepo.

"Nafasi ilikwisha," alisema Gerishom. "Nilitaka mlango ueleweke."

Jedida alilifunga daftari taratibu, akamrudishia. Hakuwa na hasira tena. Alijihisi mwepesi, na wepesi ule ulimshangaza. "Basi mimi siko Ganjoni, Baba Laban," alisema. "Siko popote. Sikujua nina uhuru mkubwa hivi."

Akaingia chumbani, akatoka na begi. Chai ikasimama midomoni.

"Jedida," alisema Easter, "mke haondoki wageni wakiwa wameketi."

"Ni kweli, wifi. Nilidhani mgeni ni mimi."

"Na watu hawa watakula nini?"

"Kaka yako ana miaka kumi na mitano hotelini. Kutandika anajua. Kupika atajifunza."

Akashuka ngazi, na hakuna aliyemfuata, kwa sababu hakuna aliyejua kanuni ya kumfuatia.

Mpaka feri ya Kilifi hakuwa na wazo lolote la pa kwenda. Kwa kaka yake kulikuwa na wake wawili na magomvi matatu. Alisimama ukingoni na begi lake, akipitia mitaa yote aijuayo kama walivyoipitia mezani, akiitoa mmoja baada ya mwingine. Kila mtaa ulikuwa na mtu. Ndipo lilipomjia, na akacheka peke yake hadi muuza korosho akamtazama. Pwani nzima palikuwa na nyumba moja tu ambayo kila mtu aliamini haina mtu ndani.

Aliingia Kisumu Ndogo alasiri, mvua ikinyesha na milango yote imefungwa, akapita uani kwa Kadii na kuvuka lile boma bovu. Kadii alimwona, akaacha kuti.

"Ganjoni kumekwisha?"

"Kumejaa. Kufuli ya mbele iko?"

"Palepale ulipoiacha."

"Iache hivyo hivyo, Mama Sidi."

Kadii alimtazama toka juu hadi chini, akaelewa yote bila kuambiwa. Alisema tu, "Basi moto usiwashe. Moshi una mdomo. Chakula nitakuletea mimi."

Kwa hiyo Jedida hakukatazwa na mtu kupumzika, ila alikatazwa kupika. Aliingia kwa mlango wa uani, na siku nne alilala kitandani mwake, akisikiliza mvua juu ya mabati, na watu wakapita mbele ya mlango wakaona kufuli, wakaendelea na safari zao. Kadii alimpenyezea wari, ugali wa Kigiriama, na mboga ya mutsunga kwenye sahani iliyofunikwa, kisha akakaa kumsuka nywele, na wakanong'ona na kucheka kama wasichana waliofichwa unyagoni. Maisha yake yote Jedida alikuwa hajawahi kuletewa sahani iliyofunikwa bila kuzaa au kufiwa.

Wageni hawakukosa. Mara tatu alisikia hodi mbele, na sauti ya mtu aliyetoka bara na begi lake. Na mara tatu alimsikia Kadii akijibu kwa upole kabisa, kwa maneno aliyofundishwa na Jedida.

"Katibu hayupo. Yuko Mombasa, Ganjoni, jengo la tatu baada ya msikiti. Nendeni, atafurahi."

Jumatatu ya tarehe kumi na tisa, saa sita mchana, kufuli ilifunguliwa. Gerishom alisimama mlangoni na daftari kwapani. Alikuwa amekonda, vidole viwili amevifunga vitambaa, na suruali ilikuwa na unga hadi magotini. Alimwona mkewe kitini, nywele zimesukwa, uso umejaa, akakaa chini palepale kizingitini.

"Nimekutafuta," alisema. "Nilituma salamu kila ukurasa. Makupa, Tudor, Nyali, hadi Likoni. Hakuna aliyekuona. Ulikuwa mtaa gani?"

"Huu."

Gerishom aliitazama kufuli mkononi mwake. Ilimchukua muda.

"Walikuwa kumi na wawili," alisema hatimaye. "Watatu walitoka huku huku Malindi, sijui nani aliwaelekeza. Jumapili wakafika thelathini na sita. Easter alikaa kwenye kiti akinifundisha kusonga ugali." Alivitazama vidole vyake. "Mama Laban, mikono yako huwa haiumi?"

"Huuma."

"Hukusema."

"Nilisema kila mwaka. Ulikuwa ukiandika."

Gerishom alijipangusa unga magotini. Aliinuka, akaliweka daftari mezani, akatoa kalamu na rula. Akafunua ukurasa wa Kisumu Ndogo, akakata "na mke" kwa mstari ulionyooka, na chini yake, kwenye mstari wa peke yake, akaandika kwa herufi kubwa: *JEDIDA.* Jedida aliinama kutazama. Alifurahi, na hakuona sababu ya kuficha.

"Pazuri hapo," alisema. "Lakini kila Mei unifute."

Gerishom aliifikiria kanuni ya sita, ile iliyowaleta watu Ganjoni. Aliifikiria kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga rafiki. Kisha, pambizoni, kwa herufi ndogo, akaongeza: *isipokuwa Mei.* Akapiga mstari mwekundu.

Wino haujakauka, wakasikia hodi nje. Kufuli ilikuwa imeondoka, na Kisumu Ndogo ina macho. Sauti ya mtu mzima ilisema kwa Kimaragoli kwamba imetoka mbali na imeambiwa katibu amerudi. Jedida alimtazama mumewe, hakunyanyuka kitini. Gerishom alitazama kalenda ya hoteli iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa bado Mei. Akavua saa yake, akaiweka juu ya daftari, akaenda kuwasha moto.